Kabla ya Kuiwasha Mara ya Kwanza

Mimi ni mtu wa mashaka, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiambiwa duka limefungwa, naenda kulitazama mwenyewe. Kazi yangu ya kutengeneza kompyuta na mitandao ya maofisi mjini Arusha haikunipunguzia tabia hiyo hata kidogo. Nimefungua mashine nyingi za watu na kukuta ndani yake programu zinazofanya mambo ambayo mwenye mashine hajawahi kuyaomba. Baada ya miaka ya kuyaona hayo nikaamua kwamba mimi nitatumia mfumo wa kuendeshea kompyuta nilioujenga kwa mikono yangu, kila kipande, au sitatumia kabisa.

Jambo hilo linawezekana. Maelekezo yapo mtandaoni bure. Unachukua programu zikiwa bado maandishi tu, kama zilivyoandikwa na wenyewe, unazigeuza moja moja kuwa lugha ya mashine, unazipanga kwenye diski tupu, na ukifika mwisho unakuwa na mfumo mzima ambao wewe mwenyewe unajua umetoka wapi. Inachukua wiki nyingi. Kuna vipande vinavyohitaji usiku kucha kugeuzwa, na kosa la kipande cha tatu unaweza kuja kuligundua ukiwa kwenye cha sitini. Wenzangu wa kazini waliniuliza kama nimeugua.

Kazi hiyo niliifanyia nyumbani kwa mama, Maji ya Chai. Lakini sikwenda kule kwa ajili ya kompyuta.

Mama alikuwa na miaka sabini na sita. Mwaka ule alikwenda kanisani siku ya Jumamosi, akakuta geti limefungwa, akarudi. Wiki chache baadaye akaacha sufuria ya maharage motoni mpaka moshi ukawaleta majirani. Dada yangu, mkubwa wangu, na tumezaliwa wawili tu, alinipigia simu akasema hapati usingizi. Tukakubaliana hivi: mimi nitoke kwangu Kwa Mrombo, nikae na mama miezi mitatu, nimwangalie. Nikiona kweli anapoteza kumbukumbu, dada atamchukua akaishi naye Njiro, ng'ombe wataenda kwa mjomba, na shamba litatafutiwa mtu wa kulitunza. Nikiona yuko sawa, atabaki kwake. Mama mwenyewe tulimwambia nimekuja kutafuta utulivu wa kufanya kazi yangu. Aliniandalia chumba cha mbele, akanichinjia kuku.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili, na zote niliziandika kwenye daftari moja. Kurasa za mbele zilikuwa za mfumo: kipande gani kimekubali, kipi kimegoma. Kurasa za nyuma zilikuwa za mama. "Ameuliza mara mbili kama nimekunywa chai." "Ameniita kwa jina la mjomba." Kila asubuhi nilimwamkia, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba baba, halafu nikatupia swali kama mtu aliyepitiwa: leo tarehe ngapi vile? Ile mvua kubwa ilinyesha siku gani? Alinijibu huku akijifunga kanga kwenda bandani. Alipojibu sawasawa nilijiambia amebahatisha. Alipokosea nilikimbilia daftari.

Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, boksi zito nililowaletea yeye na marehemu baba, ikakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Diski yake ya kwanza ilikuwa na mfumo wa kawaida pamoja na video za kwaya, ambamo baba bado anaimba besi akiwa mstari wa nyuma. Mimi niliongeza diski ya pili, nikawa najenga humo. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Usiku niliiacha ikigeuza programu. Alfajiri niliendelea nayo mpaka saa mbili na nusu, nikaizima, nikaenda mjini kwa wateja. Mama akishakamua na kupeleka maziwa aliiwasha, akasikiliza kwaya huku akichambua maharage, kisha akaniachia inawaka ili nisipate taabu. Nilirudi saa saba mchana, nikala loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, nikakaa tena mbele ya kioo.

Wiki ya tisa, zikiwa zimebaki hatua za mwisho tu kabla ya kuuwasha mfumo wangu kwa mara ya kwanza, mashine ilianza kulalamika. Nilikuwa nageuza kiini, ile programu kubwa inayosimamia nyingine zote, nikaona onyo kwamba mafaili kadhaa yameandikwa wakati ambao haujafika. Vipande vyote vya nyuma nilikuwa nikivianza mchana na kuvimaliza kabla ya kuizima asubuhi; hiki ndicho cha kwanza nilichokianza alfajiri na kukiendeleza mchana. Nikatazama saa ya mashine. Ilisema saa moja asubuhi. Nje jua lilikuwa utosini, na magari ya watalii yalikuwa yakipita kwenda Momela. Yaani mafaili niliyoyaandika saa mbili na nusu asubuhi ile, kwa hesabu ya mashine, nilikuwa bado sijayaandika. Kwenye ujenzi wa namna hii hilo si jambo dogo. Mashine huamua kipi kigeuzwe upya na kipi kiachwe kwa kulinganisha nyakati, na nyakati zikivurugika unaweza kupata kitu kinachoonekana kizima kumbe nusu yake ni ya jana.

Nikarekebisha saa. Kesho yake nikaikuta vilevile, saa sita nyuma.

Sasa, betri ndogo ya saa ikifa, kompyuta husahau mpaka mwaka. Haiwezi kurudi nyuma saa sita tu na tarehe ikabaki sahihi. Kwa hiyo kulikuwa na mtu anayeichezea, na nakiri kwamba nilifurahi. Miaka yote watu walikuwa wananiambia nazidisha, na sasa nilikuwa na ushahidi.

Kwanza niliushuku mtandao. Nikachomoa modemu, nikaifungia kwenye droo. Kesho yake, saa sita nyuma. Nikamshuku mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mpole aliyekuwa akipita kila Jumanne kumletea mama nyimbo mpya kwenye flashi. Nilimzuia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Hiyo flashi naomba niikague kwanza."

"Marahaba. Ukague nini, kijana? Ni zaburi."

"Hata zaburi zinabeba virusi, mzee."

Aliitoa mfukoni, akanipa, akaondoka bila kuingia kunywa chai. Ndani yake nilikuta nyimbo nne na picha za harusi ya mjukuu wake. Jioni ile mama aliniletea chai ya rangi, na ng'ombe wapo bandani.

Kesho yake, saa sita nyuma. Basi nikabaki na mtu mmoja wa kumshuku.

Asubuhi iliyofuata niliaga kama kawaida, nikabeba begi, nikatembea mpaka barabarani. Hapo nikazunguka nyuma ya shamba la jirani na kurudi kupitia kwenye kahawa mpaka chini ya dirisha la sebuleni. Nilichuchumaa pale kwa muda mrefu, mtu mzima wa miaka arobaini na nne, suruali imeloa umande. Mama akaingia. Alifuta mikono, akachomeka plagi ukutani. Kumbe nikishatoka tu huwa anaichomoa, kama anavyochomoa redio na kila kitu kisicho na mtu mbele yake, kwa kuogopa radi. Nyumba nyingi za kwetu hufanya hivyo, na sikuwa nimelifikiria. Mashine ikawaka, ikasimama kwenye kioo cha buluu chenye maandishi, ikiuliza tarehe na saa. Betri kweli ilikuwa imekufa, ila umeme wa ukutani ndio uliokuwa unaishikilia saa, na mimi sikuwahi kuikuta imechomolewa. Mama akavaa miwani. Akaandika tarehe kwa kidole kimoja, na aliipata. Kisha akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa, mrefu kwenye mbili. Akaandika 03:10, akabonyeza, na kwaya ikaanza kuimba.

Nilirudi barabarani miguu ikiniuma. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikizisoma saa za kompyuta, na kwangu 03:10 ni kitu kimoja tu: usiku wa manane, mbwa wanabweka na watu wamelala. Na mama yangu alikuwa ameiandika huku jua likimpiga mgongoni. Moyo uliniuma kweli, lakini mkono haukusita. Nilisimama pale pale na kumwandikia dada: "Nimeona kwa macho yangu. Hajui tena asubuhi na usiku."

Jibu lilikuja kabla sijafika Tengeru. "Nakuja Jumamosi na gari. Anza kumwandaa taratibu."

Sikumwandaa. Ijumaa nilibaki nyumbani nikajificha ndani ya kazi. Niligeuza kiini upya chote, safari hii bila onyo lolote. Niliandika orodha ya diski, ili mfumo ukiamka ujue wapi pa kusimama. Niliipa mashine jina, nikaiita kwa jina la ng'ombe mkubwa wa mama kwa sababu sikuwa na akili ya kutunga lingine. Niliweka programu ya kuwashia, na hiyo niliiweka huku nikihema, maana ukikosea herufi moja ya diski unaifuta ile nyingine, na ile nyingine ndiyo yenye sauti ya baba. Nilisoma mstari ule mara sita kabla ya kubonyeza.

Ikabaki hatua ya saa. Ni faili dogo sana. Mfumo mpya ukiwaka husoma namba kutoka kwenye saa ya ndani ya mashine, lakini hauwezi kujua namba hizo ni za saa za wapi. Lazima uuambie: hizi ni saa za hapa, au hizi ni saa za kwingine zinazotakiwa kuongezwa au kupunguzwa. Usipouambia, utaisoma namba sawasawa na kuielewa vibaya. Mstari huo nimeshauandika kwenye mashine za wateja mara nyingi mno kuhesabu.

Mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Baba! Saa kumi hii, na hujanywa chai!"

Nikatazama kona ya kioo. 16:02.

Kumi na sita toa sita, kumi. Tisa toa sita. Mama hakuwa ameandika usiku wa manane. Aliandika saa tatu na dakika kumi asubuhi, kama inavyosemwa sokoni, kanisani na redioni, na kama ninavyoisema mimi mwenyewe nikiondoka mbele ya kompyuta. Aliulizwa saa, akatazama ukutani, akajibu ukweli. Mimi ndiye niliyemsoma kwa saa za mashine, na kwa hizo nilikuwa nimempokonya nyumba yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi.

"Mama, ile kompyuta inaposimama asubuhi, nani alikufundisha kuandika saa?"

Hakuinua macho. "Wewe."

"Mimi?"

"Mwaka jana. Nilikupigia nikakwambia imesimama, inaandika Kizungu. Ukaniambia inauliza tarehe na saa, andika, bonyeza F10, mama niko kazini. Ukakata. Nikaandika kwenye kalenda ya kanisa." Alitupa ganda kwenye ndoo. "Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nilisimama pale nikiitafuta simu hiyo kichwani, sikuipata hata kipande.

"Na kabla hujauliza," akaendelea, "leo ni Ijumaa. Mvua kubwa ilinyesha Jumapili iliyopita. Wewe ni mwanangu wa pili. Na jana ulipojificha kwenye kahawa ulinikanyagia maboga mawili."

Nikakaa chini, kwenye gunia la mahindi. "Umejua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Mtu aliyekuja kutafuta utulivu haamki na maswali. Halafu daftari unaliacha mezani, baba, na mimi nasoma."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi si mwehu? Hata mwehu husema hivyo hivyo."

Nikamuuliza kuhusu ile Jumamosi ya kanisani, kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu na nilitaka kuharibu mpaka mwisho. Akasema ilikuwa zamu ya kina mama kufanya usafi, siku ikabadilishwa, hakuna aliyemwambia. Nikauliza na maharage. "Maharage niliyaunguza," akasema. "Dada yako hajawahi kuunguza?"

Jumamosi dada alifika na mabegi mawili makubwa matupu. Nilimkimbilia getini nikamweleza yote kabla hajafunga mlango wa gari: betri, plagi, saa tatu, simu ya mwaka jana. Alinisikiliza huku macho yakizidi kuwa madogo.

"Mama amekuomba useme hivi?"

"Hapana, dada."

"Juzi umeniandikia umeona kwa macho yako."

"Niliona vibaya."

"Na leo ndiyo umeona vizuri?"

Ningekuwa mimi ni yeye, nisingeyaamini pia. Akanipita, akaingia sebuleni, akamwamkia mama kwa heshima zote, akaketi, akapokea chai. Kisha, kwa sauti ile ile niliyokuwa naitumia mimi, akasema, "Mama, hivi leo ni siku gani?"

Mama alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, na nikaona midomo yake inatetemeka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo tangu msiba wa baba.

"Na wewe pia," akasema.

Dada akaweka kikombe chini. Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akakaa wima. "Mimi sihami. Siku nikianza kupotea kweli mtajua, maana nitawaita mwenyewe nikiwa bado nawajua. Lakini huyu arudi kwake."

"Mama, utakaa peke yako?"

"Nitakaa na ng'ombe. Nao wananitazama kutwa, ila hawaandiki."

Dada alinitazama, kisha akatazama daftari lililokuwa pale pale mezani karibu na kompyuta. Hakuna aliyeligusa. Mabegi matupu yakarudi kwenye gari, na dada akaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili, baada ya ibada, nikaweka neno la siri, hatua ya mwisho kabisa, na kutoa amri ya kuzima na kuwasha upya. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo zake za kanisani. Kioo kikawa cheusi. Nilihesabu pumzi zangu. Mistari myeupe ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikiujua ulikotoka, hadi ukaja ule wa mwisho unaouliza wewe ni nani. Nikaandika jina na neno la siri. Ikanikubali. Hakuna kilichogoma, na saa ilikuwa sahihi.

"Imewaka," nikasema.

"Naona," akasema mama. "Kwaya iko wapi?"

"Iko kwenye diski nyingine."

"Basi nirudishie."

Nikafungua boksi kwa bisibisi, nikatoa diski yangu, nikairudisha mashine kama nilivyoikuta. Nilikuwa na betri mpya ya saa mfukoni, nimeichukua mjini. Nikamwambia nitamwekea, ili mashine isimsumbue tena kumuuliza.

"Acha iniulize," akasema. "Yenyewe nikiijibu, inaamini."

Nilifunga boksi bila kuweka betri. Nikakunja nguo zangu, nikafunga diski kwenye taulo, nikaiweka katikati ya begi. Wiki tisa za kazi, na zilienea kwenye kiganja.

Alinisindikiza mpaka barabarani kama alivyotusindikiza miaka yote, kichane cha ndizi mkononi, akaniuliza kama nina koti maana mlimani kulishajaa mawingu. Gari lilipoonekana nilimwambia nitakuja Jumamosi.

"Piga simu kwanza," akasema.

Tangu nijue kutembea nimekuwa nikisukuma tu geti la nyumbani kwetu na kuingia. Siku hizi napiga simu. Mara nyingine mama ananiambia njoo. Mara nyingine ananiambia wiki hii ana shughuli, nami simuulizi ni shughuli gani.